Sinema Ilipoishia Mlangoni kwa Mama

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, nimemwomba mhariri anifichie jina langu na la kijiji chetu, maana wapo watu wa kwetu wanaosoma gazeti hili, na sitaki habari hizi zimfikie mama kabla yangu. Mimi ni mwanamume wa miaka kama arobaini, Muha wa Kigoma. Nilisoma hadi darasa la nne. Niliondoka nyumbani kabla ya Uhuru, nikaenda Tanga kuwa manamba kwenye mashamba ya katani, na sasa nipo Manyoni kwenye genge la reli. Kutwa tunashindilia kokoto na kubadilisha mataruma yanayobeba reli. Mwili umechoka, lakini hilo nimelizoea. Kinachonifanya niandike ni woga, na mtanicheka, kwa sababu ulianzia kwenye sinema.

Jumapili moja mchana mfanyabiashara wa hapa alionyesha sinema ya makauboi ndani ya ghala lake la karanga. Madirisha yalizibwa kwa magunia, tukabanana humo na joto la mabati. Hadithi yenyewe niliijua. Niliiona zamani kule katani, wakati bado ni picha isiyo na rangi. Kauboi anawasaka majambazi waliochoma boma lao, anazunguka miaka mingi, anawamaliza, anarudi kwa mama yake na watu wanacheza mpaka vumbi linatimka. Sasa Wazungu wameicheza upya, kwa rangi na watu wengine. Nikamnong'oneza Ntandu, mwenzangu wa genge, Mnyaturu wa Ihanja: "Mwisho wake ni sherehe. Utaona."

Safari hii sherehe haikuwepo. Kauboi alifika nyumbani ana mvi, akashuka kwenye farasi. Bibi kizee akatoka mlangoni, akamtazama kama mpita njia, akasema neno. Bwana Rashidi, anayeendesha mashine na kutufasiria kwa sauti, akasema: "Mama anauliza, wewe ni nani?" Kauboi akavua kofia. Hakujibu. Akakaa kwenye ngazi, akaanza kuitazama mikono yake. Upepo ukavuma. Tukangoja, naye akaendelea kukaa, kisha shuka la picha likabaki jeupe.

Ghala likachafuka.

"Rashidi, umekata!"

"Sijakata. Imeisha."

"Imeishaje na mtu hajajibu? Hebu fasiri."

"Nifasiri nini, jamani? Hajasema kitu."

"Basi turudishie hela zetu, twende tukamuulize wenyewe."

Watu wakacheka. Mzee mmoja mfugaji aliyekalia gunia mbele akatikisa kichwa. "Mtu mzima anafika kwa mama yake, hata shikamoo hana. Majambazi wote amewaweza, salamu imemshinda."

Mama Hamisi, anayetuuzia karanga za kukaanga, akadakia: "Yule mama hakumkataa. Alikuwa anangoja asalimiwe. Angesikia salamu tu angeijua sauti ya mwanawe, na picha ingeendelea."

Ntandu akanigonga bega. "We Muha, sherehe yako iko wapi?"

Jasho lilikuwa linanitoka, na halikuwa la joto la mabati.

Ndugu wasomaji, siku chache kabla ya hapo mtu wa kwetu alipita kwa garimoshi, tukaonana stesheni. Akaniambia mama yu hai. Wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, kwa hiyo nyumba ninayoijua haipo tena. Macho yake hayaoni. Hushinda amekaa mlangoni, na kila akisikia hatua za mtu huuliza, ni nani?

Kwetu mtoto humsalimia mzazi kwa kuinama na kupiga makofi polepole, na salamu ni ndefu, inapita kwa watu wote wa nyumbani mpaka ng'ombe. Kule katani tulikuwa Waha wengi, nilikuwa nazungumza Kiha. Hapa Muha niko peke yangu, miaka mingi sasa. Mama hajui Kiswahili hata kidogo.

Msimamizi alinipa likizo. Nikamnunulia mama blanketi na chumvi, Ntandu akanisindikiza stesheni. Tukiwa tunangoja akaona sina raha, akataka kunichangamsha. Akakaa juu ya mzigo wangu, akafumba macho, akatetemesha sauti: "Mimi ndiye mama yako. Ni nani huyo?"

Nikainama. Nikapiga makofi. Nikafungua mdomo, na iliyotoka ilikuwa salamu ya Kinyaturu, ile tunayowapa wazee wa hapa kila asubuhi. Ntandu akacheka sana. "Umekuwa wetu sasa, huendi popote." Kisha akafumbua macho, akaniona uso, akaacha kucheka. Nilijaribu tena. Mwanzo wa salamu ya kwetu nilikuwa nao, lakini baada ya hapo palikuwa pamebaki peupe kama lile shuka.

Garimoshi lilikuja, likaondoka. Ntandu alinisaidia kurudisha mzigo kambini.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Namwona mama mlangoni, anasikia hatua, anauliza, na mimi nimesimama mbele yake nimevua kofia. Nikimjibu kwa Kiswahili atasikia mwanamume mgeni, labda atadhani ni watu waliokuja kuwahamisha tena, aingie ndani afunge mlango. Nikikaa huku, anaweza kufa bado anauliza. Sijui lipi linanitisha zaidi.

Likizo yangu haijaisha na blanketi lipo chini ya kitanda. Nishaurini, hasa ninyi mliopotelea mbali kisha mkarudi. Mlipofika mlangoni mkaulizwa ni nani, mlijibu nini?