Mguu Uliponyamaza

Niliingia hospitali nimelala ndani ya jeneza, macho wazi.

Mlinzi wa getini alichungulia nyuma ya pikapu, akaona sanduku, akainamisha kichwa kwa heshima. Akamwambia dereva azunguke geti la nyuma, mochwari iko huko.

Nikainua mkono nikamsalimia.

Yule kaka alirudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Siku nyingine ningecheka hadi mbavu ziume. Siku ile sikucheka, kwa sababu miguu yangu yote miwili ilikuwa imeanza kunikana.

Wengi mmenisikia nikisimulia kipande kipande. Leo kaeni niwape yote.

Mimi ni seremala. Karakana yetu inatengeneza majeneza, hatuna kabati wala kitanda. Nafanya kazi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Msasa, maana maneno yake yanakwaruza.

Pale karakana tuna miiko tuliyorithi. Mmoja unasema kamba haina jina. Wafiwa wanaleta kamba iliyokatwa kwa urefu wa marehemu wao, tunaipokea, tunatoa pole, na hatuulizi ni ya nani. Ukijua jina, mkono unakuwa mzito. Jina tunalijua siku ya kuchukua, wafiwa wakija na kibao cha jina la marehemu.

Mwingine ni kwamba fundi halali ndani ya kazi yake. Hata kwa utani.

Basi. Siku moja niliinama kunyanyua ubao mbichi. Kiunoni kitu kikasema ta.

Kesho yake maumivu yakashuka. Yalianzia kwenye tako la kulia, yakapita nyuma ya paja, yakateremka kwenye kigimbi mpaka kidole kidogo cha mguu. Kama waya wa moto, ndugu zangu. Nikipiga chafya, naona nyota mchana kweupe.

Chakula nikawa nakula nimesimama. Soksi navalishwa na mama watoto. Mtu mzima na ndevu zake, nimeshika ukuta, mke wangu amepiga magoti ananivalisha soksi huku anajizuia kulia.

Msasa yeye alikuwa ananipima kwa macho. Akasema mbao zipo, misumari ipo, na bei ya shemeji tutaelewana.

Nilicheka kidogo tu. Kazi yangu ni ya miguu. Randa haisukumwi na mtu aliyekaa, na fundi asiyeweza kusimama ni mlinzi wa mbao. Hicho ndicho kilichokuwa kinanikosesha usingizi: nikipoteza mguu, nimepoteza kila kitu.

Nilienda zahanati. Daktari akanilaza chali, akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka, nikapiga yowe. Akaniambia ni siatika, ule mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kiunoni kwenda mguuni umebanwa. Akanipa dawa, akanionyesha mazoezi, akanikataza kunyanyua vizito, akasema nisilale tu bali nitembeetembee, kisha nirudi anione. Wengi wanapona hivyo, akasema, ni kuvuta subira.

Subira. Mwambie mtu anayeungua avute subira uone atakavyokuangalia.

Ndipo nikasikia habari za Mkandaji.

Mkandaji alikuwa na chumba chake nyuma ya soko la nguo, na barazani ameweka benchi refu. Utaratibu wake ulikuwa huu: aliyepona lazima aje akae kwenye benchi na wanaosubiri, awape ushuhuda. Hakuhitaji bango. Benchi lile lilikuwa linaongea lenyewe.

Siku nilipofika, aliyekuwa anatoa ushuhuda ni mzee mmoja mrefu, kofia ya manyoya kichwani na jua lote lile. Wenyewe walimwita Mzee Kofia.

Nikamwamkia, akaitika, akanisogezea nafasi. Nikamwambia siwezi kukaa.

"Najua, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuja hapa natambaa. Niangalie sasa. Maumivu hata ya dawa sina."

Akasimama, akatembea mbele yetu kwenda na kurudi. Kweli hakuwa na fimbo. Ila mguu wake mmoja ulikuwa unapiga chini pa, pa, pa, na ndala ya mguu ule ilikuwa imefungwa kwenye kisigino kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Nikamuuliza ule mpira ni wa nini.

"Ndala zinanivuka tu siku hizi. Uzee huo," akasema, akacheka. Benchi zima likacheka naye. Na mimi nikacheka.

Mkandaji alinilaza kifudifudi kwenye mkeka, akaniwekea goti kiunoni, akashika mguu wangu akaukunja upande mpaka nikauma shuka. Kiuno kikalia. Akasema mshipa umerudi kwao.

Nilirudi kwake tena na tena. Na asubuhi moja nikaamka, waya wa moto haupo.

Jamani. Nilikaa kitandani nikavaa soksi mwenyewe. Mama watoto aliingia akanikuta nimevaa zote mbili, akakaa chini akalia. Tulikumbatiana kama watu waliotoka vitani.

Nikaenda kwenye benchi kutoa ushuhuda wangu. Nilisema kwa sauti, nikajipigapiga paja, watu wakashangilia. Mzee Kofia siku hiyo hakuwepo. Sikuuliza.

Kisha vikaanza vitu vidogo.

Ndala ya kulia ikawa inanivuka. Natembea, naangalia nyuma, ndala imebaki njiani. Nikachukua kipande cha mpira wa baiskeli, nikaifunga kwenye kisigino, maisha yakaendelea.

Mke wangu akasema usiku ananisikia nikienda uani, mguu mmoja unapiga sakafu. Nikamwambia ni ndala.

Kidole kidogo kikafa ganzi, na unyayo ukafuata. Nikasema afadhali ganzi kuliko moto. Nani analilia moto?

Halafu ikaja kamba ya wafiwa. Aliyeileta ni kijana wa kutumwa tu, akaiacha akaondoka. Ilikuwa kamba ndefu. Msasa akainyoosha juu ya ubao, akapiga mluzi, akasema huyu marehemu alikuwa anachungulia juu ya milango.

Nilipiga randa ubao ule kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilikuwa nafurahia kusimama.

Jioni yake nilikaa kwenye benchi la karakana, mbao tupu, gumu kama dhamiri ya Msasa. Siku hiyo likawa laini. Nilikaa kama nimekalia godoro. Nikajisemea mwili umepona kweli, hata benchi linanipenda.

Niliposimama, Msasa akaniita kwa sauti ya chini. Haniiti hivyo.

"Shemeji, geuka."

Suruali yangu nyuma ilikuwa na damu. Juu ya benchi palikuwa na msumari mdogo wa vipini vya jeneza, umesimama wima. Nilikuwa nimeukalia muda wote ule na sikuhisi chochote.

Msasa hakutia utani. Akauokota, akautazama, akautia mfukoni. Na mimi nikamwomba asimwambie dada yake.

Nikaenda msalani. Nikasimama, nikasubiri. Mkojo haukuja. Nikasema leo sijanywa maji ya kutosha.

Asubuhi pikapu ikaja kuchukua jeneza. Ndani walikuwa dereva na mama mmoja wa makamo, mwalimu wa shule anayeishi mbali, sasa anamzika baba yake. Mkononi alikuwa na picha ya fremu, ameifunga kwa kitambaa cheusi. Tukampa pole, tukapakia sanduku, dereva akalikaza kwa kamba.

Nilikuwa nazunguka pikapu kuangalia vifundo. Pa, pa, pa.

Yule mama akaacha kuongea na Msasa. Akawa anatazama chini, kwenye mguu wangu.

"Baba," akaniita kwa upole, "nani alikufundisha kufunga ndala hivyo?"

Nikamwambia nilimwona mzee mmoja kule kwa Mkandaji. Tunamwita Mzee Kofia.

Akafungua kitambaa.

Kofia ya manyoya. Meno yale yale ya kucheka. Nikashika ubavu wa pikapu.

Ile kamba ndefu niliyoipigia randa kwa furaha ilikuwa ya mtu aliyenisogezea nafasi kwenye benchi.

"Maumivu yameisha, siyo?" akaniuliza yule mama.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ukikaa, unahisi unapokalia?"

Msasa akajibu kwa niaba yangu, akatoa ule msumari mfukoni.

"Umekojoa lini?"

Nilitaka kuona haya. Mwanamke nisiyemjua, mbele ya shemeji yangu, ananiuliza mambo ya mkojo. Nikamwambia tangu jana mchana, na sijisikii kubanwa hata kidogo.

Akasema hayo ndiyo maswali ambayo daktari alimuuliza baba yake, lakini aliulizwa wakati muda wa kumwokoa umeshapita. Mzee alianza kwa furaha kama yangu. Ganzi ikapanda, mkojo ukaziba, halafu ukawa unatoka wenyewe, naye akaficha kwa aibu. Akawa anafua suruali zake mwenyewe kwa siri. Alipoishiwa nguvu za miguu alilala ndani, vidonda vikamla mgongoni, uchafu ukaingia kwenye damu. Yeye mwanawe alipofika kumpeleka hospitali, baba yake bado alimwambia hana maumivu yoyote.

"Panda gari," akasema. "Sasa hivi."

Nikamwambia atangulie na msiba wake, mimi nitatafuta usafiri mwingine.

"Baba naye alisubiri usafiri."

Nikainua mguu kupanda mbele. Haukuinuka. Nikajaribu wa kushoto, ule mzima, ukatetemeka ukakunja goti. Msasa akanidaka kabla sijafika chini.

Mbele kiuno kisingenishika kitini, na nyuma kwenye bati tupu ningevingirika kila kona. Dereva akatazama jeneza. Msasa naye akalitazama. Msasa na mimi tulijua mwiko.

Nikamwambia Msasa siingii humo.

Kwa mara ya kwanza nikamwona shemeji yangu analia. Akasema, "Shemeji, ingia mwenyewe leo, nisije nikakuingiza mimi kesho."

Nikaingia. Mbao nilizilainisha mwenyewe, nikawa nazisikia mabegani na kisogoni. Kutoka kiunoni kwenda chini sikusikia ubao wala msasa. Nilitazama mawingu yakipita na kuhesabu makosa ya kona zangu, maana fundi ni fundi tu.

Ya mlinzi mnayajua.

Walinishusha mapokezi ya dharura, wakanitoa kwenye sanduku mbele ya wagonjwa waliokuwa wanapisha njia. Kisha pikapu ikazunguka geti la nyuma kumchukua Mzee Kofia. Nilishuka mimi, akapanda yeye.

Picha zilionyesha kile kinyama laini cha katikati ya pingili za mgongo kimetoka mahali pake na kukandamiza fungu zima la mishipa ya fahamu. Wakaniingiza chumba cha upasuaji siku ile ile. Daktari mpasuaji aliniambia siatika ya kawaida haihitaji kisu, na yule wa zahanati hakukosea. Lakini ganzi ya sehemu za siri, mkojo kuziba, miguu kulegea, hivyo havisubiri kesho. Maumivu yangu hayakuisha kwa sababu nimepona. Mshipa ulikuwa umechoka kupiga kelele.

Mkojo ulirudi polepole. Mguu wa kushoto nao. Wa kulia bado ninaufunga kifaa cha kuunyanyua, nafanya mazoezi niliyokuwa nayadharau, na randa nasukuma. Usiku mama watoto bado anasikiliza nikienda uani.

Nilidhani kisa kimeishia hapo.

Wiki iliyopita nilikuwa naunganisha pembe za sanduku. Dada mmoja muuza nguo akasimama mlangoni, anatabasamu. Msasa akadhani ameleta kamba.

Hakuwa na kamba. Alisema alinisikia siku ile kwenye benchi, ushuhuda wangu ndio uliomtia moyo aingie kwa Mkandaji, amekuja kunishukuru. Maumivu yamekwisha kabisa.

Akapiga hatua kuingia ndani anipe mkono.

Pa.

Nikatazama miguu yake. Kiatu cha kulia kilikuwa kimefungwa kwa utepe.

Msasa alishaweka nyundo chini, anakimbia kutafuta gari. Mimi nikavuta kiti, nikamwita dada akae, nikamuuliza swali nililoulizwa na mtoto wa marehemu.

"Dada yangu, usinionee haya. Umekojoa lini?"

Tabasamu lake likaondoka taratibu.

Yeye yuko wodini, anaendelea vizuri kuliko nilivyoendelea mimi. Na mimi nikitoka karakana kila siku napitia kwenye lile benchi la barazani. Mkandaji amenifukuza, nimerudi. Nakaa, natoa ushuhuda wangu mpya, nawaonyesha kifaa cha mguuni.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mguu ukikulilia, upeleke kwa daktari anayejua mishipa, umsikilize hata akikuambia subira. Lakini ukinyamaza ghafla na ganzi ikabaki, usishangilie. Kimbia, na usisubiri usafiri mwingine.