Bi Huenda na Kioo cha Kona

Kazi yake ilikuwa kupiga majengo. Usicheke, ndivyo alivyoieleza mwenyewe. Kazini kwake kulikuwa na chumba kirefu kama korido ya hospitali, mwisho wake feni kubwa kuliko lango la gereji. Walichonga mfano mdogo wa ghorofa linalotaka kujengwa, wakausimamisha juu ya meza ya duara, wakauzungushia vipande vya mbao kuwa majengo ya jirani. Halafu yeye aliwasha feni na kuupiga ule mfano kwa upepo mpaka utetemeke, akigeuza meza kidogo kidogo ili kipigo kifike pande zote. Ukutani kwa mfano kulikuwa na vitundu vya kuonyesha wapi upepo unasukuma na wapi unavuta.

Ukimwuliza kama jengo litahimili, jibu lilikuwa moja: huenda. Si kwamba hajui. Anajua mno! Anajua kuwa dhoruba ya mwakani hakuna aliyeipima, na kuwa vioo viwili vya kiwanda kimoja, kimoja hustahimili kipigo na kingine hupasuka kwa kikohozi. Wenzake wakambandika jina la Bi Huenda, likaganda. Kuna mwanamume alimwuliza kama atakubali kuolewa naye. Sijui alijibiwa nini, ila harusi hatukuiona.

Mtu mmoja tu aliwahi kupata jibu lisilo na huenda, naye ni mama yake. Siku mama alipohamia ghorofa ya juu kabisa, kwenye nyumba ya kona, katika mnara ambao binti mwenyewe aliupima, alisimama mbele ya dirisha lililoanzia sakafuni mpaka darini, akashika ukuta.

"Kioo hiki kikipasuka je?"

"Hakipasuki, mama. Nimekipiga mwenyewe."

Mama akatulia moyo, akapanga viti vyake.

Sasa sikia balaa. Kando ya mnara ule palikuwa na jengo nene lililoupokea upepo wa upande ule kabla haujafika kwa mama. Mezani kazini lilikuwa kipande cha mbao kama vingine. Mwaka huo wenyewe wakalibomoa, pakabaki uwanja mtupu. Bi Huenda alipita akauona ule uwanja. Alirudi kazini mbio, akang'oa kile kipande mezani, akawasha feni. Vipimo vya kona ya mama vikaruka juu. Upepo ukikata kona hausukumi kioo, unakinyonya nje. Hilo alilijua tangu chuoni, lakini kumwondoa jirani mezani hakuwahi, kana kwamba jirani aliapa kukaa milele. Alijilaani kwa sauti mpaka wenzake wakageuka.

Alimwendea mwenye mnara.

"Vioo vya kona vitapasuka au havitapasuka?" akaulizwa.

"Ikija dhoruba kubwa, huenda."

"Basi na huenda visipasuke," akasema yule bwana, akaendelea na chai yake.

Alimwendea mama.

"Uliniambia hakipasuki," mama akasema. "Uliniongopea siku ile, au unaniongopea leo?"

Mama hakuhama.

Dhoruba ikaja mchana kweupe, na haikuja kwa adabu. Ilipasua mabango, ikang'oa mabati na kuyarusha barabarani, bati moja likamkata mwenye pikipiki paja hadi mfupani na watu wakampita wakikimbia. Bi Huenda naye alimpita. Alilia huku akimpita, lakini alimpita. Alichokiona mbele yake ni kile kioo tu. Lifti ilikuwa imekufa, akapanda ngazi hadi mapafu yakawaka moto.

Alimkuta mama kwenye kiti, mgongo umeelekea dirisha.

"Mbona unahema hivyo? Upepo unapiga upande wa mbele. Huku shwari."

Shwari! Nyuma ya kichwa chake kioo kilikuwa kinatoka nje na kurudi, kama tumbo la mtu anayehema.

"Mama, tutoke. Sasa hivi."

"Sitoki. Nikafie ngazini na miguu hii?"

Binti akamshika mkono. Mama akauchomoa. Akamshika tena, mama akachukua mti wa fagio akamtandika nao usoni. Nyusi ikachanika, damu ikamwingia jichoni. "Umerukwa na akili!" mama akafoka, akapiga tena. Bi Huenda akaukamata ule mti, akautupa, akamkumbatia mama kiunoni na kumburuta sakafuni, mzazi wake, huku mama anamng'ata bega. Mlangoni mama akaunasa mkono kwenye fremu, akang'ang'ania. Binti akavuta kwa nguvu zake zote. Mfupa ukalia ko! Wote wawili waliusikia. Mama akapiga yowe ambalo sitaki kulieleza, lakini binti hakuacha kuvuta hadi walipofika ngazini, akaubamiza mlango wa chuma nyuma yao.

Papo hapo kona ya pili ya ghorofa ile ikalipuka. Huko alikaa fundi cherehani. Dirisha lake lilipasuka likanyonywa nje, likafuatwa na mapazia, vitambaa na cherehani yenyewe. Yeye alikuja anatambaa koridoni, vigae vya kioo vimemjaa mgongoni, sikio linaning'inia. Bi Huenda alimvuta ngazini, akamfunga kichwa kwa mtandio wake, wakakaa watatu wakivuja damu hadi upepo ulipochoka.

Kisha akaenda kutazama kwa mama. Kioo kilikuwa palepale. Hakina hata ufa.

Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, aliwakuta chini kwenye benchi la ukumbini. Aliuona mkono wa mama ulivyopinda, akasimuliwa na fundi cherehani ulivyovunjika, akapanda juu, akakiona kioo, akashuka. Hakuuliza zaidi. Alimzaba dada yake kofi lililomwangusha chini.

"Umemvunja mama mkono kwa kioo kizima!"

"Kingeweza kupasuka," akasema kutoka sakafuni. "Ilikuwa nusu kwa nusu."

"Nusu? Umemvunja mama kwa nusu?"

"Ndiyo. Na kesho nitamvunja tena."

Kaka akainua mguu ampige teke.

"Wewe, shusha huo mguu!" Ilikuwa sauti ya mama, kavu, ya mtu aliyezalisha wanawake wodini maisha yake yote. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alimtazama binti, na hakuwa anamtazama kwa upendo. "Nusu, umesema?"

"Nusu, mama."

"Mtoto akikwama mabega njiani, unamvunja mfupa wa bega kwa mikono yako, huku mama yake anakutukana. Nimewavunja wengi. Wapo ambao labda wangetoka wenyewe. Sikungoja nione." Akameza mate kwa maumivu. "Na hakuna aliyenishukuru, kwa hiyo na wewe usitarajie. Haya, mnanikodolea macho ya nini? Nipelekeni hospitali!"