Punda Yumo, Kasiani Hayumo

Mwanangu, jana ulipokuja kuniuliza habari za parokia yetu kwa ajili ya kitabu cha jubilei, nilikuuliza mbona katika majina uliyonisomea hayumo mwenzako aliyeanzisha kwaya ya vijana. Ukacheka, ukasema, "Babu, huyo anajulikana, hana haja ya kuandikwa." Kicheko hicho nakijua. Nilikicheka mimi kabla baba yako hajazaliwa. Ndiyo maana nimekuita tena leo. Kaa hapo, chai ipo.

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na bibi yako asisikie. Ilikuwa jubilei kama hii mnayoiandaa. Lakini siku hiyo haieleweki mpaka kwanza nikueleze Kasiani alikuwa nani.

Kasiani alikuwa jirani yangu na rafiki yangu. Tulisoma pamoja shule ya misheni, tukatumikia altareni pamoja. Tulipomaliza darasa la saba tukaomba wote wawili kuingia utawani, tuwe mabruda. Wakati ule bruda alikuwa mtu mkubwa huku kwetu. Padre alihubiri, lakini bruda ndiye aliyejenga kanisa, akajenga shule, akaleta maji kutoka mlimani na kufunga mashine ya kusaga. Bruda mzee wa Kizungu, fundi mwashi, alitupa kila mmoja mwiko, kamba na matofali, akasema tujenge ukuta wa kufika magotini. Wangu ulipendeza kwa macho. Akaushushia timazi, ukaonekana umelalia upande, akaguna. "Wewe una maneno mengi," akaniambia, "utafaa kufundisha." Kasiani akachukuliwa.

Nilifundisha, kweli. Lakini tangu siku ile nilikuwa na jino linaloniuma lisilong'oka. Wahenga wamesema usisafirie nyota ya mwenzio, nami niliisafiria miaka kumi na mbili.

Kasiani akasomeshwa ufundi, akaweka nadhiri, akapewa jina la utawa, Bruda Meinradi. Mama yake hakulipenda jina hilo. Lilimshinda mdomoni, akaendelea kumwita Kasiani. Halafu shirika likamtuma ziwani, huko Nyasa, akajenge kanisa na madarasa manne mahali ambapo watoto walisomea chini ya paa la nyasi. Wauza usipa walipopanda milimani walikuja na dagaa zao na sifa zake. Bruda kafanya hivi, Bruda kafanya vile. Baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akila usipa ule huku akiniambia, "Mwenzako anajenga nyumba ya Mungu. Wewe kazi yako kushika chaki."

Likizo moja nikateremka ziwani, eti kumsalimia. Nitakuambia ukweli, kwa kuwa umri wangu hauna tena cha kuficha. Nilikwenda kutafuta nyufa. Masika yalikuwa yamekwisha, nikajisemea ukuta wowote wenye kasoro utakuwa umeshaonyesha. Nikalizunguka kanisa lile polepole, nikipitisha kidole ukutani kama mtu anayestaajabu. Sikupata ufa hata mmoja. Kasiani akatoka mbio, mikono imejaa saruji, akanikumbatia kwa furaha. Shati langu jeupe likachafuka, nikalihesabu na hilo kuwa kosa lake.

Mwaka uliofuata akashikwa na homa, hakuchukua wiki. Watawa wana desturi yao. Anayekufa huzikwa kwenye makaburi ya monasteri, si nyumbani kwao. Mama yake alisafiri kwa basi kupitia Kitai kwenda kuliona kaburi. Akakuta misalaba mistari kwa mistari, yote sawa, akaonyeshwa mmoja wenye lile jina lisilomkaa mdomoni. Akarudi. Mume alikuwa amekwisha kufariki siku nyingi, na Kasiani alikuwa mtoto wake wa pekee. Hakuwa na mjukuu wala kaburi la karibu la kulipalilia. Kilichobaki ni kwamba sisi sote tuliendelea kumwita Mama Kasiani.

Mimi nililia kwenye misa ya marehemu, na yalikuwa machozi ya kweli. Lakini wivu, mwanangu, hauna haya hata mbele ya maiti. Nilidhani utazikwa naye. Kumbe sasa akawa anasifiwa mara mbili, kwa kazi yake na kwa kufa kwake, nami bado niko hai, nasahihisha madaftari.

Basi jubilei ikakaribia. Paroko, padre wa shirika lile lile, akanipa mimi kazi ya kuandika historia, kwa kuwa mwandiko wangu ulijulikana kutoka Litembo mpaka Kitai. Kitabu kikawa cha kupigwa chapa, kila familia ipate chake. Nikaandika kwa bidii. Niliandika jinsi wamisionari wa kwanza walivyopanda milima hii kwa miguu na kulala kwenye ghala la mahindi. Nikaandika shule ya kwanza, mwalimu mmoja na ubao mmoja, na masista waliofungua zahanati, na jinsi serikali ilivyochukua shule na mapadre wakabaki wanafundisha dini chini ya miti. Nikaandika namna parokia yetu ilivyozaa parokia nyingine, hadi Kingerikiti na huko chini ziwani. Makatekista niliwataja wote. Hata punda wa misheni nilimwandika, yule Balaamu aliyepandisha kengele mlimani, akagoma njiani siku mbili.

Nilipofika kanisa la ziwani, mkono ukasimama. Kisha nikaandika, "Huko nako likajengwa kanisa pamoja na madarasa manne." Basi. Nikaweka nukta, nikajiambia, anajulikana huyo, hana haja ya kuandikwa. Na nikacheka peke yangu, mwanangu, kile kicheko chako cha jana.

Siku ya jubilei, baada ya misa, nikapewa kipaza sauti nisome. Uwanja umejaa. Mama Kasiani alikuwa benchi la mbele, kitenge kipya, mikono imekunjwa mapajani. Kila jina nililosoma lilipigiwa vigelegele na ukoo wake, na yeye alivipiga kwa kila mmoja, hata kwa wasio ndugu zake. Nilipotaja ziwa akaketi wima. Midomo yake ilikuwa imeshajiandaa. Nikasoma ule mstari wangu, nikafungua ukurasa mwingine. Midomo ikabaki vile vile, wazi kidogo, mpaka nikafika mwisho.

Watu walipotawanyika akanijia. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama Kasiani." Fikiria! Jina nililolinyima kitabu nikamsalimia nalo.

"Marahaba, mwalimu. Umesoma vizuri. Punda nimemsikia. Ukurasa wa Kasiani utasomwa lini?"

"Mama, nafasi ilikuwa ndogo," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake taratibu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile yangu ilichukua mpaka mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu kwetu ni wa ngolo, wala sina haja ya kukufundisha wewe mtoto wa Kimatengo. Lakini ninyi siku hizi mko kwenye bodaboda, acha niseme tu. Wanaume tunafyeka nyasi na kuzilaza zikikatana, miraba miraba, mteremko mzima. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Mvua ikija maji yanakaa mashimoni, mlima haushuki. Mama Kasiani akapika togwa na pombe, akaita ngokela, ile kazi ya kusaidiana shambani, na mimi akanitumia ujumbe kwa jina. Sikuweza kukataa.

Tulikuwa katikati ya mteremko, nalaza nyasi, naye yuko nyuma yangu na jembe. Akanishika mkono.

"Mwalimu, mraba huo uache. Uruke, twende wa mbele."

Nikashangaa. "Mama, haiwezekani. Ukiruka mmoja, maji yatapita hapo hapo. Yatabomoa wa chini yake, na wa chini yake tena, mpaka bondeni."

Akaegemea jembe, akanitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Kumbe unajua," akasema.

Nyasi zikanianguka mikononi. Wanawake wengine walikuwa wakiimba upande wa pili, hawakusikia kitu. Nikamwambia yote pale pale shambani, habari ya ukuta wa magotini, ya usipa wa baba, ya nyufa nilizozitafuta. Nilipomaliza akasema, "Nilikuwa najua tangu mna umri wa kipaimara. Ulikuwa ukija kwangu unaangalia sahani yake kwanza ndipo yako. Lakini mwanangu ameshakufa, mwalimu. Unashindana na nani?" Kisha akainama. "Haya, laza nyasi. Na ule uliouruka kwenye kitabu, urudi ukauchimbe."

Kitabu kilikuwa kimekwisha kupigwa chapa na kugawiwa. Hapakuwa na namna ila kukifuata kilipo. Nikachukua kalamu ya wino, nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, nikiomba kitabu na kuandika pembeni ya ukurasa kwa mkono wangu: "Kanisa hili na madarasa haya aliyajenga Bruda Meinradi, aliyezaliwa Kasiani hapa parokiani." Kuandika kulikuwa rahisi. Tatizo ni kwamba kila nyumba waliniuliza, "Ilikuwaje ukamsahau, mwalimu?" Na katika kila nyumba nikapaswa kujibu, "Sikumsahau. Nilimwonea wivu." Wengine walicheka. Mzee mmoja wa Kitai alininyang'anya kitabu, akasema nimekichafua. Mke wangu alikoma kwenda kisimani kwa wiki mbili kwa aibu.

Mwisho nikateremka ziwani. Kulikuwa na mvuvi mmoja, Mwanglikana, aliyekipata kitabu kwa shemeji yake Mkatoliki. Nilipomwomba nikiandike, akakitoa kwenye sanduku na kunifungulia. Pembeni ya ule ukurasa palikuwa pameshaandikwa kwa penseli, herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika: KASIANI. MCHANGA NILIBEBA MIMI.

"Nilijua mmesahau," akaniambia. "Nikamweka mwenyewe, kwa lile jina alilotuambia kuwa mama yake humwita. Na mimi nikajiweka, maana nyie wa milimani mngenisahau pia."

Wino wa Mungu haufutiki, mwanangu. Mimi mwenye mwandiko wa kusifiwa nilimfuta mtu, na mvuvi wa dhehebu lingine akamrudisha kwa penseli ya mtoto wake. Nikaenda kusimama kando ya lile kanisa, kwa mara ya kwanza nikalitazama bila kutafuta ufa.

Kitabu cha Mama Kasiani nilikibakiza cha mwisho. Yeye hakujua kusoma. Nikaandika, akaniambia nisome. Nikasoma. Akasema, "Tena." Nikasoma tena. Nilipofika "aliyezaliwa Kasiani" akapiga kigelegele, peke yake mle jikoni, kile alichokuwa amekiweka akiba tangu jubilei. Kisha akaweka kidole chini ya maandishi yangu.

"Hapa andika na jina lako."

"La nini, mama?"

"Mlikua pamoja. Sitaki akae humo peke yake."

Nikaandika. Mwandiko ule wa kusifiwa ukaharibika. Ukienda kwa wajukuu wa dada yake, kitabu kipo, utauona.

Sasa usifikiri nimepona kabisa. Nikisikia watu wa ziwani wanalisifu lile kanisa, bado kitu kinanichoma hapa, kidogo. Wivu hauondoki kwa kuungama mara moja, ila unaweza kuukatalia kalamu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Utamwonea mwenzako wivu, hilo siwezi kukuzuia, wewe ni mtu. Lakini usimnyime jina lake. Historia ya parokia hii si ya mapadre na mabruda peke yao, wala si yako unayeiandika. Ni mteremko mmoja, na ukiruka mraba kwa makusudi, wanaoishi bondeni ndio watakaosombwa. Na ujue daima kuna mama fulani benchi la mbele ambaye midomo yake imeshajiandaa.

Haya, toa hilo daftari lako. Kalamu hii hapa. Mwandike yule wa kwaya sasa hivi, nikikuona, kabla chai haijapoa. Halafu nenda, mwanangu. Mungu aubariki mkono wako usiwe mzito kwa jina la mwenzio, na siku yako ikifika, akujalie mtu wa kukuandika bila kulazimishwa.