Samaki Wanaonyonya Kioo

Nilirudi kutoka Muscat na stashahada ya ufundi wa majokofu na akiba niliyoipata bila kumlilia mtu. Nyumba yangu ya Chamazi nimeijenga mwenyewe. Sebuleni, mkabala na dirisha kubwa la barabarani, nikaweka tangi la samaki ambalo mtaa mzima haukuwa na mfano wake. Ndani waliishi pleko, samaki weusi wenye michirizi ya dhahabu. Midomo yao iko chini ya kichwa, na wanang'ang'ania kioo wakikinyonya kutwa.

Wengi hununua pleko wakidhani ni mfagizi wa bure atakayeshiba ukoga wa kioo, wakamuua kwa njaa. Wangu niliwapa boga na tango, gogo la kukwangua, mapango ya kujificha na pampu ya hewa isiyozimwa, na kila wiki nikabadilisha robo ya maji. Nimeona matangi mengi Dar. Hakuna lililotunzwa kama langu.

Maji nilichota kwa mama mwenye duka ng'ambo ya barabara, maana kisima changu kina chumvi na chake ni kitamu. Siku moja akaingia kuwatazama. Akasimama mbele ya yule mkubwa, aliyebandika tumbo kwenye kioo, mdomo ukifunguka na kujifunga, akauliza mbona hachoki.

"Huyo ndiye anayenitafutia, mama," nikamwambia. "Mie nalala, yeye anavuta."

Hakucheka.

Haukupita muda akaacha kupokea hela mkononi mwangu. Alinionyesha kwa kidole niiweke kwenye kaunta, na alipofungua droo nikaona ndimu imelala katikati ya noti. Anayeishi Dar anaijua kinga hiyo. Ni ya chuma ulete, uchawi wa kuvuta hela za mwenzako kutoka mbali. Mauzo yake yalikuwa yameshuka tangu duka la jumla lifunguliwe kule stendi, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Kisha kisima chake kikapigwa kufuli.

Joto lilikuwa limepamba moto. Maji ya tangi yakawa mazito, pleko wakasusa boga, dhahabu yao ikafifia ikawa kama vumbi. Wakaanza kupanda juu mchana kutafuta hewa, na pleko akifika hapo amebakiza kidogo afe. Nikavuka barabara. Mama alinijibu bila kuinua macho, akipima sukari.

"Niletee yule mkubwa nimchome moto mwenyewe. Kisima nitafungua."

"Ni samaki tu, mama."

"Kama ni samaki tu, unamlilia nini?"

Sikumpelekea. Nilijaza pipa maji ya bomba. Maji hayo yana dawa, na ukiyamimina moja kwa moja yanaunguza matamvua ya samaki. Nikayaacha wazi, pampu ikiyatibua, mpaka harufu ikaisha kabisa, ndipo nikayatia kopo kwa kopo.

Walipona wote. Dhahabu ikarudi kali kuliko mwanzo. Yule mkubwa akajifungia ndani ya bomba la udongo, akilinda mayai na kuyapepea kwa mapezi, na baadaye vitoto vikatapakaa kwenye kioo kama mbegu za papai, kila kimoja kikinyonya. Kuzalisha pleko si kazi ya mtu wa kubahatisha, na nilijivunia. Wiki hiyohiyo mama akafunga duka.

Mjumbe wa mtaa wetu alikuja alasiri. Alikataa kiti, akabaki karibu na mlango.

"Kaka, watu wameona," akasema. "Samaki wako walipougua, yule mama alianza kuuza. Walipopona, amefunga."

Nikamweleza habari za duka la stendi, nikamweleza kwamba pleko hunyonya ukoga tu. Alisikiliza kwa adabu huku akitazama vile vitoto.

"Na hawa wadogo, kila mmoja ananyonya biashara ya nani?"

Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii, akaniomba niweke walau pazia, kwa sababu yeye watu hawamsikii tena.

Nikageuka dirishani. Ng'ambo walikuwa wamesimama kinyozi, muuza chipsi na mwanamke wa kibanda cha mkaa. Hawakunitazama mimi. Macho yao yalitembea polepole juu ya kioo cha tangi, kila mmoja akitafuta wake.