Dole Gumba la Bi Kazija

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya bima ya maisha, pale Vuga, Mkuu wa Madai alinikabidhi pedi ya wino na kitambaa cha kufutia. "Bi Raya," akaniambia, "wajane wa shamba hawaandiki. Wao dole gumba tu." Nami, mgeni wa kazi mwenye buibui jipya na adabu nyingi, nikaitikia, "Naam, Mkuu." Hadi leo nalionea haya itikio lile.

Kazi ilikwenda hivi. Anayekata bima humtaja mnufaika, yaani mtu atakayelipwa yeye akifa, na mnufaika huweka saini yake kwenye fomu ile ile. Mauti yakitokea, mnufaika alitakiwa afike ofisini mwenyewe na cheti cha kifo. Lakini mjane wetu yumo edani miezi minne na siku kumi, hatoki. Basi walikuja mashemegi na hati za uwakili, za kupokea fedha kwa niaba yake, tukawapa pole, tukawalipa wao.

Nilikuwa nishazoea kazi siku alipofika Bwana Haji kutoka Makunduchi. Ndugu yake Mussa, mpishi wa hoteli huko Matemwe, alikuwa amefariki. Haji alileta hati yenye dole gumba la mjane, Bi Kazija. Mkuu alikwishashika kalamu aidhinishe. Mimi nikaenda kufungua faili la zamani, kwa sababu ni mchimbuzi, tabia iliyonigombanisha na wengi. Kwenye fomu ya Mussa, mahali pa mnufaika, palikuwa na saini ya Bi Kazija kwa herufi za Kiarabu, mwandiko safi wa mtu aliyehitimu chuo cha Kurani.

"Mkuu, huyu anaandika."

"Huzuni hiyo, Bi Raya. Labda mkono umemtetemeka."

"Basi nnakwenda kumuuliza."

"Utamuuliza vipi? Yumo edani."

"Asiyeingia ni mwanamme, Mkuu. Mimi mwanamke."

Alinikodolea macho, kisha akaniitia dereva.

Bi Kazija, mwanamke wa rika langu, nilimkuta Makunduchi, chumbani kwake juu ya mkeka. Aliigeuza hati mara mbili. "Dole hili la nani? Shemegi kanambia bima ilikufa na mwenyewe. Nami nna watoto wawili, na nyumba hii haijaezekwa nusu." Nikampa fomu mpya. Akaandika jina lake kutoka kulia, polepole, bila ya kutetemeka. Nilitaka kupiga kigelegele, ila nyumba ilikuwa ya msiba, nikakimeza.

Meneja wa tawi alizilinganisha saini mbili, akaikataa hati ya Haji. Bi Kazija alilipwa kabla ya kutoka edani. Tangu hapo ukawa utaratibu wetu: mjane akiwa edani, afisa mwanamke humfuata nyumbani. Nilijivuna, sikatai, na mpaka sasa najivuna.

Nilistaafu mwaka jana. Nyinyi mnaoshika madai leo, fungueni faili la zamani hata bosi akiwa na haraka.

Siku yangu ya mwisho kazini alikuja Bi Kazija kwa miguu yake, kukata bima yake mwenyewe na kuwataja wanawe. Nilifurahi nikachanganyikiwa, na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka, ukamsogezea pedi ya wino.

"Hata weye, Bi Raya?" akasema, akicheka. "Nipe kalamu."

Akaandika. Nami kile kigelegele nilichokimeza Makunduchi nikakipiga pale pale, ofisi nzima ikasimama.