Sungura Ambao Walikuwa Bado Hawajazaliwa

Nimechoka. Nasema mapema ili mtu asitarajie uchangamfu kwangu. Huu ni mwaka wa tatu nahangaika na shahada ambayo wenzangu walishaimaliza, wakaoa, wakanenepa.

Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi, kuifanya ndiyo balaa. Sungura huzaliwa neva zake nyingi zikiwa uchi. Siku zikienda, protini za uchanga hupungua na nyingine huongezeka, ikiwemo ile inayojenga ala ya mafuta kuzunguka neva. Bila ala hiyo, amri ya ubongo huchelewa kufika mguuni. Nilitaka kujua mabadiliko hayo hutokea siku ya ngapi. Siku, si wiki. Ukikosea siku ya kuzaliwa, umetwanga maji kwenye kinu.

Sungura walikuwa wa mama yangu, anayeishi Kharumwa. Anawafuga nyuma ya nyumba, anawauzia wachimba dhahabu wakitoka kwenye mashimo yao na njaa. Tulikubaliana hivi: sungura akizaa, anipigie simu anitajie siku. Mimi nihesabu kumi, ishirini, thelathini, nipande basi kutoka Shinyanga na kasha la barafu mapajani, nichukue sampuli, nirudi. Basi likiharibika njiani, barafu inayeyuka na mimi nayeyuka nayo. Nimefanya hivyo miaka miwili.

Majibu yalipotoka, msimamizi wangu aliniita. Ni mtu mpole, na upole wake unaniuma kuliko matusi.

"Huyu wa siku kumi ana neva za sungura wa siku ishirini," alisema. "Umechanganya chupa?"

Nikaapa sijachanganya. Nikalaumu umeme, nikalaumu friji, nikalaumu barabara. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa hadi muhula uishe. Nisipopata maelezo wala sampuli mpya, faili linafungwa.

Nikaenda Kharumwa bila kuaga mtu.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikapitiliza bandani. Kwenye kiota kimoja, chini ya manyoya, kulikuwa na vitoto vyekundu, macho yamefumba kabisa. Mama hakuwa amenipigia simu yoyote.

"Mama, hawa wamezaliwa lini?"

"Hao? Hao bado."

"Bado nini?"

"Bado hawajazaliwa."

Nikadhani ananitania. Wala! Akanieleza taratibu, kwa sauti ya chini, huku akikirudishia kiota manyoya yake: kiumbe ambaye hajafumbua macho hatajwi wala hahesabiwi. Akishafumbua, ndipo unasema amezaliwa. Na ndiyo siku aliyokuwa akinipigia simu muda wote huo. Sungura hufumbua macho akiwa na siku kumi hivi, mwingine tisa, mwingine kumi na mbili. Kwa hiyo hata kurekebisha hesabu zangu nisingeweza.

"Miaka miwili, mama! Miaka miwili!"

"Uliniuliza siku waliyozaliwa. Nilikutajia."

Jamani! Mimi nilikulia mjini kwa shangazi, mtu wa chupa na mashine. Hao wa "siku kumi" walikuwa wakitafuna majani mbele ya macho yangu, na mimi nikamsifu mama kwa malisho mazuri.

Nikamwomba kuanzia sasa anitajie siku yenyewe. Akakataa. Nikabembeleza, akakataa. Nikafoka, najuta mpaka leo.

"Kabla yako nilizaa wawili," akasema. "Kila mmoja nilimtangaza siku ileile, vigelegele nikapiga mwenyewe. Hakuna aliyemaliza wiki. Wewe nilikuficha, nikanyamaza. Leo uko hapa unanifokea."

Nilirudi Shinyanga na kasha tupu. Nilijaribu kutafuta sungura wengine, pesa haikutosha, na nguvu ndizo sikuwa nazo kabisa. Nikaanza kuandika barua ya kuacha masomo. Nilimpigia mama nikamwambia, bila hasira, kwamba basi, yameisha, asijisumbue tena. Akasema ana kazi jikoni.

Siku ya nne simu ikaita.

"Wamezaliwa asubuhi hii," alisema bila salamu. "Hawana hata manyoya. Wako sita."

"Mama, si ulisema..."

"Sita. Nimewahesabu kwa kidole, mmoja mmoja. Umeandika?"

"Naandika."

"Haya. Nimewataja kabla ya macho, na sijui ubaya utamfuata nani. Sasa wewe leo usitoke. Usipande pikipiki, usiende popote. Kaa ndani, mwanangu, nakuomba."

Niliandika tarehe. Nikafunga mlango, nikakaa ndani siku nzima.