Kabla ya Jina

Kwetu huku jangwani, mtoto akifa jina lake halitamkwi tena. Ndiyo maana mama anayepima watoto pale zahanati hawaiti kwa majina kabla hawajatimiza mwaka; wote kwake ni "kadogo". Hupasha viganja joto kwenye kikombe cha chai, ndipo amshike mtoto. Vichanga wetu sisi wenyeji wa asili hufa wengi kuliko wa wazungu, na yeye mwenyewe amezika wanawe wawili ambao majina yao hatujawahi kuyasikia. Leo alimweka mwanangu kwenye mizani, akaisoma mara tatu.

"Kilo kumi! We binti, unamlisha kangaruu mzima?"

"Supu ya mkia wake tu, shangazi. Na leo katimiza mwaka."

Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akamwinamia mtoto.

"Malakai," akaita.

Mwanangu akageuka.